Farasi jike wa mbio ndefu anarusha wapandaji: ni tabia yake, au kuna kinachomuuma?

SaisiNgong aliandika:

Habari zenu nyote. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kushika farasi wa masafa marefu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya saisi, yaani mtunza farasi, hapa Abu Dhabi, na huu ni msimu wangu wa tatu. Baba yangu alikuwa saisi Ngong, pale uwanja wa mbio, kwa hiyo farasi si mgeni kwangu. Lakini farasi wa Ngong anakimbia dakika mbili, tatu, kisha anarudi bandani. Hawa wa huku wanakwenda kilomita 100, 120, hadi 160 kwa siku moja. Wanakwenda kwa mizunguko, na kila mzunguko ukiisha farasi anaingia kwenye geti la daktari. Moyo uwe umeshuka hadi mapigo 64 kwa dakika, asichechemee, asiwe amekaukiwa maji, la sivyo mbio zake zimeishia hapo.

Ninayetaka kuwaeleza ni farasi jike mmoja. Tunamwita Zarqa kwa sababu ya rangi yake ya kijivu. Ni Mwarabu aliyezaliwa Ufaransa, ana miaka minane, mdogo wa umbo, pengine kilo 400 tu. Msimu uliopita alimaliza kilomita 100 na kilomita 120 bila daktari kumkuta na kosa. Mimi ndiye ninayemlisha, ninamwosha, ninamfunga bandeji na kulala hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Bandani ni mpole. Huweka pua kwapani mwangu ninapomkagua kwato.

Tangu Novemba ameanza kurusha watu. Simaanishi kurukaruka kwa furaha. Anaingiza kichwa katikati ya miguu ya mbele, anaupinda mgongo kama paka aliyeona mbwa, halafu anatupa miguu ya nyuma juu mara tatu au nne mfululizo. Mwezi wa Desemba, alfajiri, tukiwa mazoezini, alimwangusha mwenzetu Mganda. Mimi nilikuwa ndani ya gari la nyuma na chupa za maji, niliona yote kwa mwanga wa taa. Walikuwa wamekwenda matiti, ule mwendo wa kati, kilomita tatu hivi, shwari kabisa. Mpandaji alipomwambia aingie shoti, mwendo wa mbio, ndipo akarusha. Kijana wa watu alivunjika mfupa wa bega na mpaka leo mkono uko shingoni.

Mkufunzi amesema ni mkorofi. Ameagiza abadilishiwe lijamu, kile chuma cha mdomoni, awekewe kali zaidi, na azidishiwe kilomita ili achoke. Akiangusha mtu mwingine atauzwa. Na huku farasi akishaitwa mkorofi, jina hilo hufika kwa mnunuzi kabla ya pasipoti yake.

Niliyoyaona mimi ni haya, mnisaidie kuyapima. Ukimkaza mshipi wa tumbo anageuza kichwa na kuuma hewa. Msimu uliopita hakuwa hivyo. Anasaga meno. Shayiri yake, ambayo zamani alikuwa analamba mpaka ndoo, siku hizi anaacha robo, anakwenda kusimama pembeni. Amekonda ubavuni. Pale nyuma ya shingo ambapo mgongo unaanza, upande wa kushoto, pameota nywele nyeupe kiasi cha sarafu mbili, na si zile nyeupe za kijivu chake, ni nyeupe pe. Nikimpeleka kwenye mashine ya kutembeza farasi nikiwa nimemkalia mgongo mtupu, hana neno.

Nauliza kwa moyo wote: huyu ni mkorofi kweli? Na kama si mkorofi, nianzie wapi?

Kamba_Ndefu alijibu:

Ndugu, nimekaa na farasi wa polo Nairobi na Gilgil miaka mingi, na nitasema ambalo wengi hawatalisema. Farasi akishagundua kwamba kumtupa mtu ndiko kumaliza kazi, atamtupa kesho na keshokutwa. Alipoangusha yule Mganda, nini kilifuata? Bila shaka walimrudisha bandani, wakamvua tandiko, wakamwachia nyasi. Basi kwake hilo ni somo. Hata kama lilianza kwa maumivu, sasa linaweza kuwa mazoea, na mazoea hayatibiwi na daktari. Ukishamaliza kutafuta maumivu, lazima mtu anayekaa imara tandikoni ampande, amnyanyue kichwa mapema, ampeleke mbele. Farasi hawezi kupinda mgongo vizuri kama kichwa kiko juu na miguu inasonga.

Lijamu kali sikubaliani nayo. Mdomo ukiuma anapata sababu ya pili.

Mzee wa Sharqiya alijibu:

Assalamu alaykum, mwanangu. Mimi nimezaliwa Unguja, nikaletwa Oman mtoto, sasa nakaa upande wa Ibra na farasi wangu wanne. Mjomba wangu alikuwa mtu wa ardha. Kama hujawahi kuiona, ni mchezo wetu wa farasi na ngamia, UNESCO wameuandika kwenye orodha yao mwaka 2018. Farasi wawili wanakwenda shoti bega kwa bega, na wapandaji wanasimama wima juu ya tandiko, wameshikana mikono. Fikiria farasi wa namna hiyo anahitaji tabia gani. Akishtuka mmoja, wawili wanakufa. Kwa hiyo mjomba alikuwa anachagua farasi kwa tabia kabla ya mbio, na akimwangalia miezi kabla ya kusema neno.

Neno lake lilikuwa moja tu, nami nimelishika mpaka leo: usiulize farasi kafanya nini, uliza *lini*.

Mimi nimekuwa na farasi aliyerusha kwa raha. Alikuwa dume aliyehasiwa, mwekundu, mwenye moto usioisha. Siku za baridi za Januari, dakika kumi za mwanzo hukai vizuri juu yake. Masikio mbele, mkia umesimama kama bendera, anaruka, anakoroma, anaruka tena. Kilomita ya tano yamekwisha, anakwenda kama maji mpaka jioni. Huyo ndiye mwenye tabia. Kwenye mashindano nilikuwa simtoi na kundi. Farasi themanini wakiondoka pamoja, na magari yamepiga honi, farasi kama yule anapandwa na wazimu wa kundi, anapoteza maji na nguvu kabla jua halijachomoza. Sheria inakupa dakika chache baada ya saa ya kuondoka. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya hema, namtembeza, mpaka vumbi la wenzake litulie, ndipo naondoka. Tulikuwa wa mwisho kwenye mzunguko wa kwanza na wa kumi na kitu kwenye wa mwisho.

Sasa msome Zarqa wako kwa kipimo hicho. Huyu wako anaanza vizuri, anakwenda matiti kilomita tatu, halafu anarusha anapoombwa shoti. Moto wa mwanzo huja mwanzo. Huyu anarusha pale mgongo unapotakiwa ufanye kazi mpya. Na mgongo mtupu hana neno. Na anauma hewa ukikaza mshipi. Mwanangu, mimi nisingemwita mkorofi, wallahi. Ningemwambia: nimesikia, niambie wapi.

Nywele nyeupe hizo ni alama ya tandiko. Ngozi ikibanwa sana na kwa muda, nywele zikiota tena huota bila rangi. Kwa hiyo kubanwa kulitokea kitambo, si juzi. Naona farasi wenu wanashiriki tandiko, au nakosea?

DaktariUsaRiver alijibu:

Shikamoo Mzee, na pole SaisiNgong kwa mwenzako aliyeumia. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisoma Morogoro, na nafanya kazi karibu na Arusha ambako wapo farasi wa safari na wa kupandwa. Ni wachache, kwa sababu ndorobo na ugonjwa wa farasi wa Afrika haviwaachi, lakini hao wachache wamenifundisha mengi. Siwezi kutibu farasi kwa maandishi. Ninachoweza ni kukueleza ningefikiri nini.

Tumbo kwanza. Wewe umeshaliandika bila kulitaja: anaacha shayiri, anasaga meno, amekonda, hapendi mshipi. Tumbo la farasi limeumbwa kwa mnyama anayekula saa zaidi ya kumi na tano kwa siku. Linatoa tindikali muda wote, ale asile. Sehemu ya chini ya tumbo ina utando wa kujikinga, ya juu haina. Farasi akikimbia, misuli ya tumbo inakaza na tindikali inasukumwa juu, inapiga mahali pasipo na kinga. Kama ndani hamna nyasi, inaruka kama maji kwenye ndoo nusu. Watafiti wa Ufaransa walipowachungulia matumbo farasi wa masafa marefu wa kiwango cha juu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuta vidonda kwa asilimia 48 nje ya msimu, na asilimia 93 ndani ya msimu wa mashindano. Asilimia 93! Hao ndio wale wanaopita geti la daktari, moyo mzuri, miguu mizuri. Kidonda cha tumbo hakionekani kwenye yale matiti ya mita arobaini ya getini.

Nisaidie kujibu haya. Anakula nini, kiasi gani, saa ngapi? Kabla ya mazoezi ya alfajiri anakuwa amekula lini mara ya mwisho? Siku ya mapumziko mnampunguzia nafaka au mnampa ileile? Kwenye geti la daktari, sauti za tumbo zilikuwaje?

Hilo la mapumziko naliuliza kwa sababu ya misuli. Zamani Ulaya farasi wa mikokoteni walipumzika Jumapili wakila shayiri yao yote, na Jumatatu wakikazwa misuli ya nyuma mpaka wanashindwa kutembea. Wakauita ugonjwa wa Jumatatu. Farasi mwenye mkazo mdogo wa namna hiyo haanguki, ila anakataa kusukuma kwa miguu ya nyuma. Na kuingia shoti ni kusukuma kwa miguu ya nyuma.

Jambo lingine. Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, mwaka 2018 pamoja na wenzake walitoa orodha ya matendo 24 ya farasi anapopandwa. Masikio kulala nyuma sekunde tano au zaidi, mdomo wazi sekunde kumi, mkia kupigapiga, kukataa kwenda, kurusha miguu ya nyuma, na kadhalika. Farasi akionyesha manane au zaidi, uwezekano wa maumivu ya mifupa, viungo au misuli ni mkubwa. Nimeitumia hapa Usa River kwa farasi ambaye wenye shamba walishamwita mvivu. Alikuwa na kumi na moja. Mgongo.

SaisiNgong aliandika:

Shikamoo Mzee, shikamoo Daktari. Nimesoma majibu yenu mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa mlangoni kwa Zarqa.

Daktari, anapewa shayiri na chakula cha mfuko, jumla kilo saba hivi, mara mbili kwa siku. Nyasi kavu anapata jioni, na lusani, majani ya malisho ambayo huku wanaiita jat, fungu moja dogo. Chakula cha mwisho ni saa mbili usiku. Nyasi zinaisha kabla ya saa tano. Tunatandika saa kumi alfajiri, hajala kitu. Siku ya mapumziko chakula ni kilekile. Kwenye mashindano ya mwisho moyo ulishuka dakika ya sita, mapigo 61, kila mtu akapiga makofi. Lakini kadi yake ya daktari iliandikwa sauti za tumbo zimepungua upande wa kushoto juu. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeishika ile kadi. Hakuna aliyeniuliza.

Mzee, hukukosea. Tandiko ni tatu kwa farasi kumi na moja. La Zarqa lilipimwa Septemba akiwa amenenepa kwa mapumziko ya kiangazi.

Sasa nawaambia ukweli wa shida yangu. Mimi ni saisi. Naweza kumkanda mgongo, naweza kumbembeleza, siwezi kuita daktari. Siwezi kuchagua tandiko. Nikimwambia mkufunzi “nadhani anaumwa” atasema nadhani yangu haina vyeti. Na akiona nimeng'ang'ania, wapo watu wengi wanaotaka nafasi yangu, na mama yangu Kenya anategemea ninachotuma.

BintiNanyuki alijibu:

Kaka, hapo mwisho umenigusa, kwa sababu nilianzia hapohapo. Leo naongoza wageni juu ya farasi Laikipia, lakini miaka sita ya kwanza nilikuwa wa kusafisha banda. Nilijifunza kwamba mwenye farasi habishani na daftari. Na wewe unalo la kuandika kuliko mtu yeyote hapo, maana unakaa naye saa kumi na nne kwa siku, mkufunzi anakaa naye saa moja.

Nunua daftari la kawaida. Kila siku andika tarehe, kala kiasi gani na kaacha kiasi gani, kawekewa tandiko gani, nani kampanda, karusha au hakurusha, na kama karusha, wakati gani khasa: akitandikwa, akipandwa, matiti, shoti, akizunguka mkono wa kushoto au wa kulia. Usiandike “nadhani”. Usiandike “maumivu”. Andika ulichokiona kwa macho, basi.

Halafu kuna mambo matatu ambayo ni ndani ya kazi yako na hayahitaji ruhusa ya mtu. La kwanza, akirudi mazoezini, kabla hujamwagia maji, vua tandiko na uangalie jasho. Mgongo wote ukiwa umelowa na pana kiraka kikavu, hapo huenda tandiko limebana mpaka jasho halitoki. Piga picha kwa simu. La pili, siku ya kazi nyepesi, mzungushe kwa kamba ndefu bila tandiko, mpaka aingie shoti. Kisha mwekee tandiko, bila mtu, umzungushe vilevile. Tofauti utaiona mwenyewe. La tatu, pitisha vidole kando ya uti wa mgongo, kwa uzito wa kubonyeza embe kujua kama limeiva, kutoka mabegani kwenda nyuma. Usimkwaruze, atakukunjia hata kama haumwi. Pale anapobonyea kukwepa vidole, weka alama kwenye mchoro wa mgongo daftarini.

Kuhusu nyasi za alfajiri, muulize mkufunzi kwa njia ya mbio. Usimwambie farasi anaumwa. Mwambie umesikia kwamba farasi akila lusani kidogo kabla ya kazi, matumbo yanatembea na kadi inatoka nzuri. Hiyo ni lugha anayoipenda.

DaktariUsaRiver alijibu:

Ninaunga mkono kila neno la BintiNanyuki. Kilo moja hivi ya lusani nusu saa kabla ya kutandika inatosha kuziba lile wimbi la tindikali, na ile kalsiamu iliyomo inaituliza. Kwa siku nzima farasi wa kilo 400 anahitaji angalau kilo sita za nyasi, na nafaka igawanywe mara tatu au nne badala ya mbili. Siku ya kupumzika nafaka ipungue nusu.

Dawa msimpe bila daktari wenu. Akithibitika ana vidonda atapewa omeprazole, kwa kawaida wiki nne, asubuhi kabla hajala nafaka. Na farasi wa mashindano hupimwa damu, kwa hiyo kila kitu kinachoingia mdomoni mwake daktari wa zizi akijue kwa maandishi.

SaisiNgong aliandika, wiki saba baadaye:

Nimechelewa kurudi, mnisamehe. Nilitaka nirudi na habari kamili.

Niliandika siku kumi na nane. Nakala ya ukurasa mmoja: “Alhamisi. Tandiko la pili. Mshipi: kauma hewa mara mbili. Matiti km 4, hakuna. Shoti mkono wa kulia, hakuna. Shoti mkono wa kushoto, karusha mara tatu. Jasho: kiraka kikavu kushoto, upana wa kiganja. Shayiri ya jioni kaacha nusu.” Siku nane kati ya kumi na nane alirusha, na zote nane ilikuwa kuingia shoti mkono wa kushoto, na zote nane ilikuwa tandiko lilelile la pili. Siku tatu alizopandwa kwa tandiko la kwanza hakurusha hata mara moja, ila bado aliuma hewa. Hiyo tofauti kati ya tandiko hizo mbili sikuwa nimeiona kichwani mwangu. Niliiona nilipofungua daftari usiku mmoja na kuanza kuhesabu.

Kwa kamba ndefu, bila tandiko, aliingia shoti pande zote mbili kama msichana anayekwenda kisimani. Na tandiko, upande wa kushoto, alipinda mgongo hata bila mtu juu yake. Nilirekodi kwa simu.

Daktari wa zizi alipokuja kwa chanjo, nilisubiri amalize, nikampa mkufunzi daftari mbele yake. Sikusema kitu zaidi ya “naomba mwangalie.” Mkufunzi alisoma kurasa mbili, akanyamaza, akampa daktari. Daktari alitazama video mara mbili. Kesho yake asubuhi Zarqa alinyimwa chakula, akaingizwa ule mpira mrefu wenye kamera puani mpaka tumboni, na mimi nilikuwa nimemshika kichwa. Nililiona kwenye skrini. Sehemu ya juu ya tumbo, pale palipopakana na ya chini, palikuwa na madonda mekundu, mengine yamechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye lami. Miezi yote hiyo tulikuwa tunamkaza mshipi juu ya hayo. Sikuweza kusema neno. Nilimsugua tu paji la uso.

Amepata dawa wiki nne, na nyasi sasa hazikauki mbele yake. Lusani inatoka saa tisa na nusu usiku, mimi mwenyewe naamka kuitoa. Tandiko la pili halimgusi tena. Limekuja fundi, akasema mabega yake yamebadilika tangu Septemba na mti wa tandiko, ule mfupa wake wa ndani, ulikuwa unamchimba kushoto kila bega la upande huo linaporudi nyuma. Lijamu kali imerudi kabatini.

Kamba_Ndefu, nawe ulikuwa na neno lako. Wiki ya kwanza ya kurudi kazini, bila maumivu, tandiko zuri, alipoombwa shoti upande wa kushoto alilaza masikio nyuma, akakaza mgongo, akasubiri. Mkufunzi alikuwa amempanda mwenyewe. Hakumpiga, hakumvuta. Alimnyanyua kichwa akamsukuma mbele, akamrudisha matiti, akamwomba tena. Mara ya nne mgongo ulilegea. Nilikuwa garini, na niliona kama mtu anayeshusha mzigo kichwani.

Wiki iliyopita alirusha tena, nami moyo ulinipasuka. Alfajiri ya baridi, kware amelipuka kichakani miguuni pake. Lakini Mzee, nilikumbuka maneno yako: lini? Masikio yalikuwa mbele. Mkia juu kama bendera. Aliruka mara mbili, akakoroma, akaendelea na safari yake. Ilikuwa dakika ya tano tangu tutoke. Nilicheka garini mpaka dereva akanitazama.

Yule ndugu yetu Mganda amefunguliwa mkono. Aliomba ampande kwenye kazi nyepesi, na mkufunzi alikubali. Kwanza alisimama naye dakika nyingi, anampapasa shingo, wanaongea Kiganda.

Jumamosi tunampeleka kilomita 80, za kumrudisha taratibu. Farasi watakuwa wengi. Mzee, unishauri: nimwambieje mpandaji kuhusu kuondoka?

Mzee wa Sharqiya alijibu:

Alhamdulillahi. Umenifanya nimkumbuke mjomba.

Mtandikeni mapema, mshipi ukazwe mara tatu kwa kupumzika katikati, wala usikazwe mara moja. Mtembeze mbali na kundi, umgeuzie mgongo mstari wa kuondokea ili asiwaone wenzake wakitoka. Waacheni wote waende. Vumbi likilala, mpandaji amtoe kwa mwendo wa kutembea, si matiti, mpaka yeye mwenyewe ashushe kichwa na kupumua puani. Hata ikichukua kilomita nzima. Shoti ya kwanza iwe mkono wa kulia, mahali pa tambarare, na mpandaji akae mwepesi mgongoni.

Na wewe uwe kwenye geti la kwanza na ndoo na fungu la jat, kabla ya mtu mwingine kumshika. Ukirudi usiku niandikie moyo wake ulikuwa ngapi, sauti za tumbo kadi imesemaje, na kama alimaliza shayiri yake.